Kabla ya Kuweka Hoisti ya Gari Nyumbani

Mazungumzo ya mkufunzi wa ufundi wa magari kwa mafundi na wenye magari wa Migori na Homa Bay

 

Nimeombwa nizungumze juu ya hoisti, yaani ule mtambo unaoinua gari zima mpaka fundi anasimama wima chini yake. Wanaouliza sana ni wa aina mbili. Kuna mwenye Probox mbili tatu za abiria ambaye amechoka kulipa gereji kila wiki. Kuna pia kijana fundi anayefanyia kazi uani kwa baba yake, ambaye ameona hoisti za mitumba mjini na anataka kujua kama moja itamfaa.

Tuanze na tunavyofanya sasa. Gari linainuliwa kwa jeki iliyokuja nalo, linawekewa jiwe la kujengea au kipande cha gogo, kisha mtu anaingia chini. Jeki hiyo iliundwa kwa kubadilisha gurudumu tu. Jiwe nalo hubeba nyumba kwa sababu uzito umeenea juu yake lote. Ukiliwekea chuma cha chasisi mahali pamoja, linaweza kupasuka ghafla, na Probox tupu ina zaidi ya kilo 1,000. Kwa hivyo, kabla hujaota hoisti, nunua stendi nne za chuma zilizoandikwa uzito zinaoubeba, uziweke kwenye sakafu ngumu. Kwa mwenye gari moja la familia, mimi naona hizo zinatosha. Atainua gari mara ngapi kwa mwaka?

Wengine husema, basi nichimbe shimo. Shimo ni rahisi, lakini moshi wa injini na mvuke wa petroli ni mzito au hukaa pale pale usipopata njia ya kutokea. Watu wa Macalder wanaochimba dhahabu wanajua shimo lisilo na hewa linavyomfanyia mtu. Huku kwetu karibu na ziwa maji pia hupanda shimoni wakati wa mvua ya masika, na mtoto au mbuzi akitumbukia usiku hakuna anayemwona. Mwenye shimo tayari alifunike kwa mbao nene kila jioni, wala asiwashe injini mtu akiwa ndani.

Sasa hoisti yenyewe. Ile ya nguzo mbili ndiyo mafundi wengi wanaipenda, kwa sababu magurudumu yananing'inia na sehemu yote ya chini iko wazi. Ila uzito wote unashikwa na mikono minne na boliti zilizo sakafuni. Ya nguzo nne gari hupanda kama darajani. Hutulia zaidi na haihukumu sakafu kwa ukali huo, lakini inataka nafasi kubwa, na magurudumu hayaachiliwi bila jeki nyingine juu yake. Ya mkasi mara nyingi huinuka nusu tu, inafaa kazi ya breki na matairi. Fundi wa uani mwenye nafasi ndogo na sakafu ya wasiwasi angeanza na hii ya mkasi, hata kama si ya kujivunia mbele ya wateja.

Usichague kwa gari ulilo nalo leo. Noah tupu ina kama kilo 1,600, na Hiace au Land Cruiser inaweza kupita kilo 2,000. Tani 4 ni kipimo cha busara.

Sakafu ndiyo inayowaumiza wengi, na hapo nitakaa kidogo. Ukanda wa Lambwe na sehemu za tambarare za Karachuonyo zina ule udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka wakati wa kiangazi. Konkriti ikimwagwa juu yake moja kwa moja itapasuka nao, na nguzo itaegemea. Udongo huo utolewe mpaka ufike penye ardhi ngumu, kisha ujaze mawe na murram na kushindilia kwa tabaka. Kitabu cha mtambo ndicho kinachotaja unene wa konkriti, lakini hata kikisema sentimita 10, mimi huku kwetu ningemwaga 20, pamoja na wavu wa chuma wa BRC. Changanya kipimo 1 cha saruji, 1½ cha mchanga na 3 cha balasti. Imwagilie maji siku 7, na usitoboe tundu la boliti kabla ya siku 28. Najua siku hizo ni ndefu mtambo ukiwa umeshafika kwa lori. Subiri tu. Sakafu ya zamani ya nyumba, ile ya inchi mbili yenye plasta nzuri, haifai kabisa.

Angalia juu pia. Ukiinua Noah, yenye urefu wa mita 1.85 hivi, kwa mita 1.8, paa lake linafika mita 3.65. Mabati mengi ya uani yako chini ya hapo.

Kuhusu stima, hoisti nyingi za tani 4 zina mota ya kilowati 2.2 hivi. Uliza kama ni ya fezi moja, volti 240, au ya fezi tatu, volti 415, kwa sababu nyumba nyingi zina fezi moja tu. Waya uvutwe na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, na waya wa ardhini usisahaulike. Radi ya kwetu mnaijua.

Stima ikikatika gari likiwa juu, usalama wako ni kufuli za chuma ndani ya nguzo. Kwa hivyo usifanye kazi gari likishikiliwa na mafuta ya haidroliki peke yake. Liinue, sikia kufuli za pande zote zikilia, kisha lishushe likae juu yake. Na mwanzoni, magurudumu yakiachana na ardhi kidogo tu, simama ulisukume gari. Likicheza, rudisha chini upange mikono upya. Mtambo wa mtumba usio na kufuli zinazofanya kazi, au wenye kamba ya chuma iliyoanza kuchanika nyuzi, mwachie muuzaji.

Mwisho ni karatasi. Ukiinua gari lako mwenyewe, hilo ni lako. Ukipokea wateja au kuajiri kijana, pale uani pamekuwa mahali pa kazi: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka pasajiliwe, na mitambo ya kuinua ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Kubadilisha matumizi ya ploti kunahitaji idhini ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, na kuna leseni ya biashara. Nenda ofisi ya mipango ukiwa na mchoro, kabla ya kununua saruji. Mafundi watano wa Rongo au Oyugis wakiungana kwenye chama wanaweza kulipia sakafu moja, ukaguzi mmoja na hoisti moja nzuri, wakapangiana siku. Oili chafu waikusanye kwenye pipa lenye kifuniko, mbali na mtaro unaoelekea mtoni.

Sasa mwenye swali aulize, tuanze na waliokaa nyuma.