Jiwe Lililobaki Barabarani: Matunzo ya Gari na Dharura za Njiani kwa Dereva wa Ufipa

Mada iliyotolewa kwenye semina ya madereva na wamiliki wa magari, Namanyere, Wilaya ya Nkasi

Nimeombwa nizungumzie matunzo ya gari na namna ya kujiokoa njiani. Nitaanzia kwenye jiwe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa napandisha kutoka Kirando na pikapu iliyojaa migebuka. Katikati ya mlima gari likachemsha. Nikasimama, nikavuta handibreki, na kwa kuwa handibreki yenyewe nilikuwa siiamini, nikaokota mawe mawili nikayakinga nyuma ya tairi. Injini ilipopoa nikaongeza maji, nikawasha, nikaondoka. Mawe nikayaacha. Usiku ule kijana wa bodaboda aliyekuwa anateremka na abiria alilivaa moja. Abiria alichubuka magoti, kijana akavunjika mtulinga. Kijijini walilaumu mwendo wake. Mimi kesho yake nilipita pale nikaliona jiwe langu limesogea, lina rangi nyekundu ya madigadi. Sikusimama. Leo ndiyo mara ya kwanza kulisema mbele ya watu.

Sasa turudi nyuma kidogo. Kwa nini nilisimama pale? Kwa sababu ya mfuniko wa rejeta. Nilijua wiki mbili kabla kwamba mpira wake umekatika. Huku juu kwetu, kama Sumbawanga mjini, tuko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Akina mama wanaopika maharage wanalijua hili kuliko sisi. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni mgandamizo, na mgandamizo unashikwa na kile kifuniko kidogo ambacho wengi wetu tunakiziba kwa tambara. Kifuniko kikivuja, gari linachemsha hata kama rejeta ni mpya. Tunalaumu feni, tunalaumu injini ya mtumba, tunang'oa thamosta na kuitupa. Halafu likishachemsha, tunakimbilia kukifungua. Nawaombeni sana: mkishaona mshale wa joto umepanda, zimeni kiyoyozi, punguzeni mwendo, tafuteni mahali pa kusimama, na msiguse kifuniko mpaka mpira wa juu wa rejeta ubonyezeke kwa mkono bila kuunguza. Ni nusu saa au zaidi. Na maji ya baridi ya mtoni usiyamimine kwenye injini ya moto, maana silinda hedi ikipinda, bei yake itakumalizia mavuno ya msimu mzima.

Hiyo ni kupanda. Kushuka ndiko kunakoua.

Kutoka kwenye uwanda huu mpaka Ziwa Tanganyika, ambalo liko mita 770 hivi, unashuka karibu kilomita nzima ya wima. Anayeteremka kwenda bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Muze, naye hali ni ileile. Lori la mahindi lenye tani kumi linaposhuka, uzito wote ule lazima uzuiwe na kitu. Ama unazuiwa na injini, ama na breki. Ukizuiwa na breki peke yake, zinapata moto, pedi zinaanza kuteleza, mafuta ya breki yanachemka ndani ya paipu, na mguu unazama mpaka sakafuni bila kukutana na kitu. Mafuta ya breki, niwaambie, yanakunywa unyevu wa hewa taratibu kama chumvi iliyoachwa wazi. Yakikaa zaidi ya miaka miwili, yana maji ndani, na maji ndiyo yanayochemka kwanza. Nani hapa amewahi kuyabadilisha, siyo kuongeza, kuyabadilisha? Naona mikono mitatu. Stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo haibadilishi mafuta ya breki.

Kuna wanaoweka nyutro wakishuka, wengine wanazima kabisa, eti kubana mafuta. Kwa gari za siku hizi, hesabu hiyo ni ya uongo: ukishuka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, mfumo unakata mafuta wenyewe, wakati kwenye nyutro injini inaendelea kunywa ili isizimike. Ukizima injini ndiyo balaa. Busta ya breki inapoteza nguvu baada ya kukanyaga mara mbili tatu, usukani unakuwa mzito, na kwenye Fuso za breki za upepo, kompresa inasimama huku upepo unaisha kwenye tanki. Shuka na gia ile ambayo ungepandia mlima huohuo. Iingize kabla mteremko haujaanza.

Na ikitokea umekanyaga, hakuna kitu? Pampu haraka haraka, huenda mafuta yakarudi. Teremsha gia moja moja. Handibreki ivute kidogo kidogo huku umebonyeza kile kitufe, usiing'oe kwa mkupuo, gari litazunguka. Piga honi mfululizo, washa taa zote. Na kama hakuna jinsi, lisugue gari kwenye ukuta wa mlima, usilipeleke upande wa bonde. Bodi inapigwa rangi.

Jaribio dogo la asubuhi, halihitaji fundi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara nne mpaka pedeli iwe ngumu. Ishikilie, washa gari. Pedeli ikizama kidogo chini ya mguu, busta ni nzima. Ikibaki ngumu kama jiwe, usishuke Kirando. Na ikiendelea kuzama polepole mpaka chini, masta silinda imekwisha au kuna mahali panavuja, nenda gereji siku hiyohiyo.

Oili na kulanti mnajua kuangalia, sitawachosha. Tairi tu niseme: ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara, kwa mfano 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na umri wa mtoto anayemaliza darasa la saba. Na spea ipigwe upepo. Nimewahi kusaidia mtu aliyeshusha spea mpya kabisa, haina hata pumzi.

Gari likiharibika njiani, toka barabarani kadiri uwezavyo, hata kama rimu itaharibika. Epuka kona. Abiria washuke upande usiopita magari, wakae mbali, wasisimame nyuma ya gari wakilitazama kama msiba. Gari linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, kabla dereva hajagusa breki. Kwa hiyo pembetatu za kuakisi mwanga zisikae hatua tano nyuma ya bampa. Hesabu hatua mia, na kama kuna kona au kilele, ziweke kabla yake. Matawi tunayoyatumia si mabaya, mchana yanaonekana. Usiku tawi bichi ni giza juu ya giza. Polisi ni 112.

Lori la mafuta likianguka, msimamo wangu ni mmoja: rudi nyuma, zima sigara, zuia watu. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu pale Morogoro, watu walienda na ndoo, na zaidi ya mia moja walikufa. Sange, Kivu Kusini, juu kidogo ya Uvira kwenye ncha ya ziwa letu hilihili, tarehe 2 Julai 2010, walikufa zaidi ya mia mbili. Mivuke ya petroli hutambaa chini, haionekani, na cheche ya pikipiki inatosha.

Narudi kwenye jiwe. Tangu siku ile nimechonga kabari za mbao, mbili mbili, zimefungwa kamba, na ncha ya kamba ina kulabu ya kuning'iniza kwenye kitasa cha mlango wa dereva. Huwezi kuingia kuwasha gari bila kuigusa. Nimekuja na jozi sita, ziko pale nyuma mlangoni, walipokaa vijana wa bodaboda. Kubwa ni za Fuso. Mwenye Noah achukue ndogo, na kamba azipime kwanza na gari lake hapo nje.