Tyuna ya Gita na Besi: Tununue Ipi?

 

Kwa muda mrefu sasa vijana wa makanisa yetu wamekuwa wakiniuliza swali moja. Wanasema: Mchungaji, tumechanga pesa kidogo, twataka kununua tyuna, yaani kile chombo kidogo cha umeme kinachoonyesha kama nyuzi za gita zimekazwa sawasawa. Dukani tumeonyeshwa aina tatu au nne, na kila muuzaji asifu chake. Tuchukue ipi? Tena tuna gita moja na besi moja. Je, tyuna moja yatosha?

Huenda mwingine akasema hilo ni swali la fundi, si la kasisi. Lakini pesa hizo ni sadaka. Ndani yake mna shilingi za mama aliyeuza sukuma wiki tangu alfajiri, naye ana haki ya kujua kwamba zimenunua kitu kinachofanya kazi. Na jambo la pili ni kwamba, kwa sababu ya nyuzi zisizopatana, nimeona kundi zima la vijana likikaribia kuondolewa katika ibada. Habari hiyo nitaifikia.

Mtume Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 14, akizungumza juu ya lugha, anachukua mfano wa filimbi na kinubi. Anauliza jinsi mtu atakavyotambua kinachopigwa ikiwa sauti hazitofautiani wazi. Najua hakuwa akifundisha muziki. Lakini alichagua mfano ambao watu wa Korintho waliufahamu, na kila aliyewahi kuketi karibu na spika ya kanisa letu siku ya Jumapili anaufahamu vilevile.

Basi tuanze na kazi ya chombo chenyewe. Walimu wa kwaya wa zamani walikuwa na kile chuma chenye meno mawili, mfano wa uma, kilichobuniwa na mpiga tarumbeta mmoja wa Uingereza, John Shore, mwaka 1711. Ulikigonga, kikatoa sauti moja, na masikio yako yakafanya kazi iliyobaki. Mwaka 1936 kampuni ya Conn ya Marekani ilileta mashine ya umeme ya kupima sauti, lakini ilikuwa kubwa na ya bei kali. Ile ya kushikwa mkononi, yenye mshale, ililetwa na Korg ya Japani mwaka 1975. Tangu hapo vyombo hivi vimezidi kuwa vidogo na rahisi, hata leo waweza kutia kimoja mfukoni mwa shati.

Tyuna husikiliza uzi, ikahesabu unatetemeka mara ngapi kwa sekunde, kisha ikakuonyesha herufi ya sauti iliyo karibu na kama uko juu au chini yake. Kipimo kinachotumiwa na wengi ulimwenguni ni sauti ya A inayotetemeka mara 440 kwa sekunde. Wataalamu waliokutana London mwaka 1939 walikubaliana juu ya kipimo hicho, na mwaka 1955 shirika la viwango la kimataifa, ISO, likakiidhinisha. Kinanda cha umeme kilicho kanisani kwako, ikiwa hakuna aliyekichezea, kimewekwa hapo hapo kwenye 440. Shikeni sana namba hiyo.

Tena, kila nusu toni imegawanywa katika sehemu 100 zinazoitwa senti. Sisi hatupati taabu kukumbuka, maana shilingi yetu nayo ni senti 100. Tyuna ya kawaida, hata ya bei ya chini, hupima kwa usahihi wa senti moja au mbili. Zipo nyingine zinazopima sehemu ndogo kabisa ya senti, nazo zawafaa mafundi wanaotengeneza magita. Kwa ibada, msitumie pesa za kanisa kununulia usahihi ambao hakuna sikio hapo kanisani litakaloutambua.

Sasa nije kwenye besi, maana hapo ndipo watu wengi wanaponunua vibaya. Uzi mnene wa gita, ile E ya chini, hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde. Uzi mnene wa besi ni E vilevile, lakini hutetemeka mara 41 tu, nusu yake. Na besi yenye nyuzi tano ina B inayotetemeka mara 31 hivi. Sauti nzito namna hiyo ni ngumu kupima. Tazama hesabu hii: ukikosea senti 10 kwenye E ya besi, umekosea robo moja tu ya mtetemo kwa sekunde. Chombo kinahitaji muda kidogo zaidi ili kuitambua tofauti hiyo, na kipaza sauti kidogo kilichomo ndani mwake pengine hakiipokei sauti nzito vizuri. Ndiyo sababu utaona tyuna ikirukaruka, mara E, mara B, mara haionyeshi kitu, na kijana wa besi asimama pale akitoka jasho huku mhubiri akimngoja. Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza ni fupi: nunueni tyuna kwa kuijaribu kwenye besi. Inayoisikia besi vizuri haitashindwa na gita.

Aina zenyewe ni hizi. Kuna programu za simu, nyingi hupatikana bure. Kwa kijana anayejifunza nyumbani peke yake, zatosha kabisa, wala asidanganywe kununua kitu kingine upesi. Lakini simu husikia kwa kipaza sauti chake, kilichotengenezwa kwa maneno ya watu, si kwa besi, na mkiwa kanisani itasikia pia ngoma, kwaya na watoto. Isitoshe, simu iliyowashwa mbele ya mimbari italia siku moja wakati wa maungamo. Nimeyaona.

Kuna zile za kubana kwenye kichwa cha gita, mfano wa kibanio cha nguo. Hizi hazisikilizi hewa. Zinapokea mtetemo wa mbao yenyewe, kwa hiyo kelele za kanisani haziisumbui sana. Bei yake ni nafuu, nazo ndizo zifaazo magita yasiyo na tundu la waya. Nyingi hutumia betri ndogo ya mviringo kama ya saa, na namba iliyoandikwa juu yake mara nyingi ni CR2032. Kwa gita ningenunua hii bila kusita. Kwa besi, zipo zinazofanya vizuri na zipo zinazoshindwa na uzi mnene, na kwa kuitazama tu huwezi kujua.

Kuna zile za mkononi zenye kipaza sauti na tundu la waya. Haya si mambo ya fahari, wala vijana hawazipendi kwa sababu hazing'ai, lakini kwa kanisa lenye pesa kidogo nazisifu. Ukichomeka waya wa besi moja kwa moja, chombo hakisikii kitu kingine ila besi. Na siku akija mtu na gita lisilo la umeme, kipaza sauti kipo.

Halafu kuna ile ya kukanyaga kwa mguu, yaani pedali. Ni ghali kuliko hizo nyingine, pengine mara kadhaa, lakini kwa besi ndiyo bora. Waya watoka kwenye besi, wapitia kwenye pedali, ndipo waende kwenye amplifaya. Ukiikanyaga, nyingi kati yake hunyamazisha spika papo hapo nawe wakaza nyuzi bila mtu kusikia. Wazee wa kanisa, fikirini hapo. Ni mara ngapi tumepiga magoti kwa maombi, na huko nyuma twasikia dun, dun, dun? Kanisa lenye uwezo wa pedali moja liipe besi, na gita lipewe ya kubana. Lisilo na uwezo lichukue moja ya mkononi yenye tundu la waya, wapokezane.

Onyo moja juu ya pedali, kwa sababu lilikwisha kugharimu watu. Nyingi hutumia umeme wa volti 9, tena upande wa hasi ukiwa katikati ya kichomeo. Adapta ya kinanda mara nyingi ni ya volti 12, na pengine chanya ndiyo iliyo katikati. Kichomeo chaweza kuingia vizuri na bado kikaunguza chombo. Somni maandishi yaliyo ubavuni. Na kwa kuwa stima hupotea, ulizeni kama pedali hiyo yaweza kutumia betri.

Mkienda dukani, chukueni besi yenu. Usione haya, muuzaji mwema atakuruhusu. Piga uzi mnene kwa kidole gumba, polepole, kisha utazame: je, herufi E yatulia, au yarukaruka? Ikisumbua, gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige. Utasikia sauti ile ile iliyo juu zaidi, ambayo tyuna huisikia kwa urahisi. Kama hata hapo haitulii, irudishe kabatini. Kisha toka nayo nje juani, maana mikutano yetu ya injili hufanyika uwanjani, na kuna tyuna zinazong'aa ndani ya duka lakini juani hazisomeki. Mwisho, hakikisha inaonyesha sauti zote 12, siyo zile za nyuzi za gita peke yake, maana kwaya nyingine hutaka nyuzi zishushwe nusu toni.

Sasa habari niliyoahidi. Katika kanisa moja ambalo sitalitaja, kulikuwa na gita, besi na kinanda, na kila mpiga gita alikuwa na tyuna yake ya kubana. Kwa majuma kadhaa nyimbo zilisikika vibaya. Si vibaya sana, lakini kama chakula kilichoungua kidogo: huwezi kusema ni nini, ila huli kwa furaha. Wazee walisema magita yaharibu ibada, na jambo likawekwa katika ajenda ya kamati, turudie kinanda na ngoma peke yake. Mpiga gita alimwambia mwenziwe wa besi kwamba hana masikio. Yule wa besi akamwonyesha taa ya kijani: mimi niko sawa, wewe je? Naye wa gita akaonyesha yake, kijani pia. Yule wa besi akaacha kuja mazoezini.

Ndipo akaja mgeni mmoja, mwalimu wa muziki. Aliomba tyuna zote mbili zibanwe kwenye gita moja, ukapigwa uzi mmoja. Moja ikawaka kijani, ya pili nyekundu. Akatazama zile namba ndogo pembeni ya kioo. Moja iliandikwa 440, ya pili 445. Kitufe kilikuwa kimebonyezwa, labda ndani ya mfuko, labda na mtoto. Tofauti hiyo ni karibu senti 20, na hakuna aliyesema uongo kati ya wale wawili. Mpiga gita alichukua tyuna zote mbili, akaenda nyumbani kwa mwenziwe Jumatatu jioni, akamwonyesha. Kamati ilipokutana, ajenda ile haikusomwa.

Kwa hiyo, kabla ya kila ibada, mmoja wenu atazame namba hiyo kwenye kila tyuna. Mkitumia piano ya zamani ambayo imeshuka, basi piano ndiyo itakayowaongoza, kwa kuwa haiwezi kukazwa asubuhi moja. Pigeni A yake, kisha badilisheni namba ya tyuna zote mpaka zikubaliane nayo. Wakati wa kukaza, shusheni uzi kwanza kisha mpande mpaka kwenye sauti, kwani uzi uliokazwa kwa kupanda hukaa mahali pake kuliko ule ulioshushwa. Na nyuzi zikishaoza kwa kutu na jasho, msiilaumu tyuna. Nunueni nyuzi.

Chombo kikishapatikana, kiandikwe katika kitabu cha mali ya kanisa pamoja na bei yake, na awepo mtu mmoja wa kukitunza. Betri itolewe kama hakitatumika kwa muda mrefu, maana ikivuja ndani hakuna fundi atakayekubali kazi hiyo kwa bei ya chini kuliko ya kununua kingine. Na kabatini iwepo betri moja mpya, imefungwa bado, kwa ajili ya asubuhi ya Pasaka.