Mfugaji Akilipia Bima Tena, Amehudumiwa Vyema



Bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti ilianza Marsabit mwaka wa 2010. Ukame wa 2011 ulipokausha malisho, wafugaji waliokuwa na bima walilipwa fidia.

Kuuza bima mara moja si kazi kubwa. Kazi ni mfugaji kuilipia tena msimu ujao. Bima hii haihesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho ya eneo zima, na fidia hutolewa malisho yakipungua kupita kiwango cha mkataba. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa, hakuna malipo. Mfugaji asiyeelezwa hayo mapema ataona ametapeliwa, na hatarudi.

Wakala mwema hueleza kabla ya kupokea pesa, kwa lugha ambayo mfugaji anaielewa. Mvua ikinyesha na fidia isiwepo, bado hufika kueleza sababu.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mwulizeni wakala mambo mawili: fidia hutolewa lini, na ni wateja wangapi wa msimu uliopita waliorudi?