Mama wa Njiti Anapimwa na Nani?

Msikilizaji, mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito tunamwita njiti. Mwaka 2020 pekee, duniani walizaliwa zaidi ya milioni 13. Wodini, muuguzi humpima mtoto uzito, joto na pumzi. Moyo wa mama yake anaupima nani?

Mama huyo anakamua maziwa usiku na mchana, huku akijilaumu kwa kosa asilolitenda. Majirani hawajui waje na hongera au na pole, basi hawaji. Baba naye yuko nje ya mlango, anajikaza kiume.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri njiti abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mapema iwezekanavyo, na familia yake isaidiwe. Mwaka 2025 Tanzania ilirekebisha sheria za kazi, mama wa njiti akaongezewa likizo.

Yaliyobaki hayahitaji fedha nyingi. Hospitali zimruhusu baba aingie, na zimkutanishe mama na mwenzake aliyekwisha kuvuka mtihani huo. Nasi jamaa tuache kumhoji alikula nini hata akajifungua mapema. Tumuulize: “Leo umekula?”