Kumnasihi Kijana Aliyenaswa na Ulevi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Enyi ndugu Waislamu, leo tunapenda kusema na wazazi wa Mwadui, Maganzo na vijiji vyote vya Kishapu. Tangu Williamson alipoanzisha mgodi wa almasi hapa mwaka 1940, watu wengi wameishi jirani na mali wasiyoigusa. Kijana wetu huchekecha mchanga miezi mingi asiokote kitu; siku akijaaliwa kijiwe, fedha humjia kwa mkupuo, na wauza gongo na bangi hupata habari kabla ya mama yake. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, lakini gongo haihitaji kiwanda.

Uharamu wa ulevi hauna shaka, wala hatukuja kuupunguza. Tunalolisema ni namna tunavyomtendea aliyekwisha kunaswa. Zama za Mtume (S.A.W.) palikuwa na mtu aliyezoea kumchekesha Mtume, naye aliletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa, akaadhibiwa. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akaikataza laana hiyo, akaeleza kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na katazo lenyewe lilishuka kwa daraja: kwanza watu walielezwa kuwa dhambi yake imezidi manufaa yake, kisha wakakatazwa kuikaribia sala hali wamelewa, ndipo ulevi ukaharamishwa kabisa katika Suratul Maida. Ikiwa sahaba walivutwa hatua kwa hatua, vipi sisi tunamtaka mtoto wa miaka kumi na saba aache kwa kukaripiwa mara moja?

Sisi wenyewe tulikosea. Kijana mmoja aliingia darasani kwetu ananuka gongo, tukamtoa mbele ya wenzake. Hakurudi tena, nasi hatukumfuata kwao.

Basi, ewe mzazi, keti naye faraghani wakati hajalewa. Muulize alianza lini, hunywa na nani, na siku zipi humshinda. Kisha nyamaza umsikilize. Patana naye mapema fedha ya kijiwe itawekwa kwa nani, kabla kijiwe hakijaonekana. Akirudia, anza naye upya. Lakini aliyekunywa sana kwa muda mrefu msimfungie chumbani aache ghafla: anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kuanguka kama mwenye kifafa, na wengine hufa. Huyo apelekwe hospitali. Wala msidanganywe kuwa methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, itamponya mlevi wa gongo; hiyo ni kwa waliozoea heroini na jamii yake.

Mwenye kijana wa namna hii asione haya kumwendea imamu wake jioni ya leo, na imamu naye asingoje aletewe.

Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi.