Kuotesha Olamuriaki katika Mikebe Nyumbani

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za olamuriaki, kichaka kile chenye miiba ambacho Wakikuyu na Wakamba hukiita mukawa. Nani kati yetu aliyechunga mbuzi asiyejua utamu wa matunda yake meusi? Tena wazee wetu huchemsha mizizi yake katika mchuzi wa nyama, ili kuutia mwili nguvu.

Lakini vichaka hivyo vinapungua. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na tangu hapo mashamba mengi yamekatwa viwanja, yakazungushiwa ua na kujengwa nyumba. Mahali pengine watu huchimba mizizi mpaka kichaka chote hufa. Basi, ikiwa mwitu unatuondokea, yatupasa kuuleta mwitu nyumbani.

Kazi yenyewe si ngumu. Chukua mkebe mtupu, utoboe matundu chini ili maji yasisimame. Udongo wetu mweusi wa Kitengela hushika maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Kwa hiyo uchanganye na mchanga, na samadi ya zizini iliyooza vizuri.

Chuma matunda yaliyoiva kabisa. Yaponde, uzioshe mbegu mpaka utamu wote utoke, kisha uzipande upesi. Usiziweke kama uwekavyo mahindi, kwa maana zikikauka sana hazioti. Zifunike kwa udongo wa unene wa sentimita 1, uweke mkebe kivulini, na kuunyunyizia maji kidogo kidogo. Baada ya wiki chache utaona miche. Ikifika urefu wa shubiri moja, izoeze jua polepole, kisha uihamishe ardhini mvua inapoanza, mwezi Machi au Oktoba. Uizungushie miiba mikavu, kwani mbuzi hawana huruma.

Sasa nisikilizeni sana. Uko mti mwingine, olmorijoi, yaani msunguti, ambao tangu zamani watu walitoa kwake sumu ya mishale. Ni wa ukoo mmoja na olamuriaki. Majani yao hufanana, matunda yao hufanana, na yote miwili hutoa utomvu mweupe. Tofauti ni hii: olamuriaki una miiba migumu, bali olmorijoi hauna mwiba hata mmoja. Kwa hiyo usipokee mbegu ambazo hukuona mama yake. Nenda mwenyewe kichakani, uguse miiba, ndipo uchume. Andika jina juu ya mkebe, na wafundishe watoto tofauti hiyo kabla hawajaonja chochote. Ukiwa na shaka, mwulize mzee anayeijua miti. Kuuliza si ujinga.

Olamuriaki si mti wa haraka, wala sikuahidini fedha. Lakini ukipandwa kwa mstari huwa ua ulio hai, usiopitika kwa urahisi, na wenye kuwapa watoto matunda. Babu zetu walikuta vichaka hivi vimekwisha kuota, wakala bila kupanda. Sisi hatuna bahati hiyo. Wajukuu wetu watakula tu kile tutakachopanda.