Chokaa na Udongo wa Mbuga

(Mazungumzo na watumishi wa serikali na walimu, Nyangamara, Mkoa wa Lindi)



Sote tunaujua udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi hupasuka nyufa. Masika hufura na kunata kama ulimbo. Darasa lililojengwa juu yake hupanda na kushuka pamoja nao, mpaka ukuta upasuke. Hapo wananchi waliochanga fedha na kusomba mawe husema fundi amewaibia saruji. Mara nyingi fundi hana hatia. Kosa ni kujenga kabla ya kuupima udongo.

Chembe za udongo huo ni bapa na ndogo mno, zimepangana kama kurasa za kitabu. Maji huingia kati ya kurasa hizo na kuzitanua. Yakikauka, hubanana tena. Chokaa ikichanganywa humo, kalsiamu yake huzikusanya chembe katika mafungu, na udongo ulionata huwa wa punje punje. Kisha, kwa muda wa miezi, chokaa huungana na silika na alumina za udongo wenyewe, ikafanya gundi ya jamii moja na ile ya saruji. Kwa kawaida asilimia 3 hadi 8 ya uzito wa udongo mkavu hutosha.

Chokaa si kitu kigeni pwani hii. Wazee wa Kilwa Kisiwani walichoma matumbawe, wakajengea chokaa yake Husuni Kubwa katika karne ya 14, na magofu yake yamesimama hata leo. Lakini sisi tusivunje matumbawe, ambayo ni mazalio ya samaki. Mawe ya chokaa yapo nchi kavu.

Takataka za viwanda nazo ni mali. Majivu ya makaa ya mawe, majivu ya pumba za mpunga na mavi ya chuma yaliyosagwa vina silika ambayo chokaa huihitaji. Huko India, ambako nyanda za Deccan zina udongo mweusi kama huu, majivu ya vituo vya umeme hutumika kujengea barabara.

Hata hivyo, dawa hii haimfai kila mgonjwa. Wilaya ya Kilwa ina jasi, na udongo wenye jasi ukitiwa chokaa waweza kuvimba zaidi ya mwanzo. Kwa hiyo, neno la mwisho ni la maabara.

Walimu, hata hivyo, mnaweza kuanza. Twangeni udongo mkavu, mtie kiasi sawa katika chupa mbili, moja mkiichanganyia chokaa kidogo. Mimineni maji, mpime kimo cha udongo baada ya saa 24. Wanafunzi wataona tofauti kwa macho yao. Ila chokaa aishike mwalimu, maana huunguza ngozi na macho.

Ndugu zangu, kabla ya kuitisha mchango mwingine wa darasa, na tuchimbe shimo tuutazame udongo. Jasho la wananchi halina fidia.